Mswaki Mmoja, Midomo Ishirini na Saba

Kosa langu, na afadhali niliseme mwenyewe kabla wengine hawajaniwahi, ni kwamba niliwaazima watu ishirini na sita mswaki wangu. Si kwamba leo huyu na kesho yule. Mwishowe ilikuwa wote asubuhi moja, kabla ya kengele ya pili, na mswaki ukanirudia umelowa kama kamba ya kisima. Nikaupangusa kwenye sketi, nikaurudisha mdomoni mwangu, nikajiona mtu mkarimu.

Wajukuu wangu wakisikia haya hushika matumbo. Kila mmoja wao ana mswaki wa dukani wa rangi yake, umesimama kwenye kikombe chake, na yule mdogo aliwahi kulia kutwa nzima kwa sababu dada yake aliugusa wake kwa kidole. Huniuliza, "Shosho, kwani mlikuwa wachafu hivyo?" Huwajibu kwamba tulikuwa tunalazimishwa usafi kupita kiasi, na taabu ilianzia hapo hapo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko darasa la nne. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, na watu wa upande wetu wa Ruiru walikuwa wamebomolewa nyumba zao za mashambani wakakusanywa kwenye kijiji kimoja. Vibanda vilipangwa mistari kama mahindi, karibu karibu hivi kwamba jirani akipiga chafya kwake, wewe unapangusa uso kwako. Kukizunguka kijiji kulikuwa na handaki lenye kina kuliko kimo cha mtu mzima, na chini yake vijiti vilivyochongwa vinatazama juu. Lango lilikuwa moja. Hapo walikaa walinzi wa kijiji, homgadi tuliwaita, na hakuna aliyetoka wala kuingia bila wao kumhesabu.

Mimi nimekuwa mtu wa kukaa nyumbani tangu nizaliwe. Mama alisema hata tumboni nilichelewa kutoka. Zamani, kabla ya kijiji, wenzangu wakienda mtoni mimi nilibaki nikichora kwenye majivu. Wakienda sokoni, kichwa changu kiliuma mpaka waliporudi, kisha kikapona. Ungedhani basi handaki lingenifaa sana. Lakini mlango ukifungwa na mtu mwingine kutoka nje, si kukaa nyumbani tena. Nilianza kutamani mahali ambapo sikuwahi kupataka: mtoni, sokoni, hata kwa shangazi yangu aliyenuka ugoro. Kila asubuhi na kila jioni nililisikia garimoshi likipiga honi huko stesheni, kisha likikohoa kuelekea Thika, na nilikuwa nikihesabu vikohozi vyake mpaka viishe.

Thika ndiko alikokuwa baba. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia mananasi kwenye mikebe, na tangu kijiji kijengwe hakupata pasi ya kuja kwetu, wala mama hakupata pasi ya kwenda kwake. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na zaidi. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa akijifunza kutembea baba alipomwona mara ya mwisho, sasa alikuwa akikimbia, na neno "baba" kwake lilikuwa bahasha yenye stempu.

Sasa mtihani wa darasa la nne, ule ulioamua nani aendelee na masomo na nani ashike jembe, sisi tungeufanyia Thika. Tungepelekwa kwa garimoshi siku ya Alhamisi moja, mwalimu akiwa nasi, na kurudi jioni hiyo hiyo. Baba aliandika kwamba siku hiyo ataomba ruhusa saa ya chakula aje asimame kwenye ua wa shule tutakayofanyia mtihani, na kwamba nije na macho yangu wazi nisimpite. Barua ile niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kupita lango Alhamisi ile: hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani, na sikuwa nimezoea kutaka vitu.

Nirudi kwenye mswaki.

Shule yetu ilikuwa banda refu la udongo ndani ya kijiji, hatua chache kutoka langoni. Mwalimu alikuwa na meno mazuri, yamepangika kama punje za mahindi machanga, na aliyapenda, na alitaka sisi pia tupende ya kwetu. Kila Jumatatu, baada ya wimbo na sala, tulipanga mstari akatukagua kucha, nywele na meno. Akisema "meno," tulivuta midomo pande zote kama watoto wa mbwa. Kisha kila mtu aliinua mswaki wake juu. Asiye nao alipigwa rula mbili za kiganja.

Mwanzoni watoto walileta kijiti chochote, hata cha kuni. Mwalimu alipogundua, akaanza kugusa ncha kwa kidole. Mswaki uliopigiwa meno asubuhi una unyevu; mkavu ni wa kuonyesha tu. Mwenye mkavu alipigwa rula nne, mbili za uchafu na mbili za uongo.

Tatizo ni kwamba mti wenyewe wa mswaki ulikuwa ng'ambo ya handaki, huko chini karibu na mto. Akina mama walishinda wakilimishwa barabara bila malipo, kisha alasiri lango likafunguliwa kwa muda wa saa moja tu. Ndani ya saa hiyo mwanamke ateke maji, aokote kuni, afike kwenye shamba lake la zamani kuchimba viazi ikiwa bado vipo, na arudi kabla filimbi haijalia. Ni nani angekata dakika kumi za saa hiyo kumtafutia mtoto kijiti cha kutafuna?

Mama yangu angekata. Aliamini kwamba dunia ikiharibika, hiyo si sababu ya mtoto kwenda shule na mdomo wa jana. Alikuwa akivunja tawi huku anakimbia, analichomeka kwenye mzigo wa kuni, na jioni ananikatia kipande cha urefu wa kidole cha kati. Kilikuwa kichungu kikanikausha ulimi, na mwisho wake mmoja ulikuwa na kifundo kama goti la mbuzi. Kumbuka kifundo hicho.

Msichana mrefu aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyeanza. Mama yake alikuwa mgonjwa na hakuwa akitoka hata hiyo saa moja. Jumatatu moja mwalimu alipokwisha kunipita alininong'oneza nimpe, nikaupitisha nyuma ya mgongo. Akautia mdomoni haraka, akautafuna ulowe, akauinua. Mwalimu akagusa ncha, akapangusa kidole kwenye koti, akasonga mbele. Aliyekuwa nyuma ya msichana mrefu aliona. Jumatatu iliyofuata walikuwa watano. Baada ya mwezi ulikuwa ukipita mstari mzima, mgongo hadi mgongo, mdomo hadi mdomo, na mwalimu akagusa ncha ishirini na saba zenye kifundo kimoja kama goti la mbuzi.

Labda alijua. Labda alichoka tu, maana naye alikuwa akilala ndani ya handaki lilelile.

Kwa nini niliwapa? Ningependa kuandika kwamba ni kwa huruma. Ukweli ni kwamba mtu wa kukaa nyumbani hana marafiki, na ghafla nilikuwa nao ishirini na sita. Waliniita Mwenye Mswaki. Msichana mrefu alinibebea debe langu la maji. Mchana waliniachia nafasi kwenye kivuli cha ukuta, na nikisema jambo la kijinga walicheka kana kwamba ni la akili. Mpaka homgadi walipoanza kutuhesabu langoni, hakuna mtu aliyewahi kunihesabu mahali popote. Sasa nilikuwa wa kwanza mstarini.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mwanamke mzee aliyeishi peke yake. Tulimwita cucu kama ilivyo desturi, ingawa hakuwa nyanya yetu, na yeye alitujibu kana kwamba tungekuwa wajukuu wake angetulea vizuri zaidi. Siku moja aliuona mswaki wangu na kuniuliza imekuwaje umechakaa kama ufagio wa mwaka jana na mama ameukata juzi. Nikamwambia mimi husafisha meno sana. Alinitazama kwa muda. Hakusema kitu, na kwa mtu wa mdomo wake hilo lilikuwa onyo kubwa. Mimi nililichukua kama sifa.

Ufizi ulianza kuwasha kwanza. Kisha ukavimba, ukawa laini na mwekundu kati ya jino na jino, na asubuhi niliamka na ladha ya senti ya shaba mdomoni. Nikiuma kiazi, kiazi kilibaki na alama nyekundu. Nilikificha kiazi, nikakila upande wa giza wa kibanda. Darasani tulikuwa tukifuta vibao vyetu vya kuandikia kwa mate na kiganja, na siku moja nikaona kibao changu kimebaki na wekundu wa mbali, kama wingu la jioni. Nikageuka kumtazama msichana mrefu. Naye alikuwa akikitazama chake. Tulitazamana, tukafunga midomo.

Wiki ile darasa la nne lilikuwa kimya ajabu. Hakuna aliyejibu swali, hakuna aliyecheka, wimbo wa asubuhi tuliuimba kwa pua. Harufu ndiyo iliyotusema. Mwalimu alifungua madirisha yote mawili, kisha akatuambia tuvute midomo, na siku hiyo hakuwa na haja ya kugusa mswaki wa mtu yeyote.

Alikuja dresa, mhudumu wa vidonda, kutoka hospitali ya Thika, mtu mpole mwenye sanduku la bati na koti jeupe lililo fupi mikononi. Alituketisha mmoja mmoja kwenye kigoda, akatubonyeza ufizi kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, na kila mara pamba ilitoka nyekundu. Aliuliza tunakula nini. Tukamwambia: uji, viazi, githeri ya mahindi na maharagwe ikiwepo. Mboga za majani? Matunda? Tukamtazama kama mtu aliyetuuliza habari za samaki. Kisha akauliza tunapigia meno kitu gani, na hapo watu ishirini na sita niliowatendea wema walininyooshea kidole kwa pamoja.

Aliuomba mswaki. Aliushika kwenye kifundo, akaugeuza, akauliza kama ni wangu peke yangu. Nikasema ni wa shule. Hakucheka wala hakunigombeza. Alieleza taratibu kwamba uchafu wa mdomo mmoja alikuwa ameuona katika midomo yote, kwamba ufizi wa mtu asiyepata majani mabichi ni mwepesi kushindwa, na kwamba kila mtu awe na mswaki wake hata kama ni wa urefu wa ukucha, autumie polepole, asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu asubuhi na jioni. Kisha akauvunja mswaki wangu vipande viwili na kuutia motoni. Nilisikia uchungu kuliko wa ufizi.

Halafu akatupaka dawa ya zambarau. Wale wa umri wangu wanaikumbuka: rangi ile huingia kwenye ulimi, kwenye pembe za midomo, kwenye kidevu, na haitoki kwa maji wala kwa sala. Darasa zima lilitoka pale kama watoto waliokula wino.

Kabla ya kuondoka alizungumza na mwalimu na mkubwa wa homgadi, na mwalimu akatueleza walichokubaliana. Ugonjwa huu usitoke kijijini. Asubuhi ya safari, kila mtoto atabonyezwa ufizi kwa pamba pale langoni. Pamba ikitoka safi, anapita. Ikitoka na damu, anabaki. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kasoro siku moja.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama yote, kwa sababu wengine ishirini na sita walikuwa tayari wamekwisha kuwaambia mama zao. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe. Aliponifungulia mdomo kwa vidole viwili na kuuona ndani, uso wake ulibadilika. Aliuliza tu Alhamisi ile ni lini hasa. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole vya mkono wenye maharagwe.

Kesho yake alasiri, lango lilipofunguliwa, hakwenda upande wa kuni. Alikimbia mpaka mtoni kwa mti wa mswaki, akapanda mpaka kwenye shamba letu la zamani ambako mlimau ulikuwa bado umesimama peke yake kwenye magugu, akakusanya mboga ya terere njiani, na akaingia langoni filimbi ikiwa mdomoni mwa homgadi. Alikuwa na malimau tisa kwenye shuka, mboga, na miswaki minne, kila mtoto na wake, vijiti vimefungwa nyuzi za rangi tofauti. Kuni hazikuwapo hata kijiti.

Hapo ndipo cucu alipoingia katika habari hii. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Alikuwa amesikia kila kitu tangu jana. Alisimama mlangoni akasema chungu chetu kiende kwenye mafiga yake, kwa maana kuni anazo na watoto hana. Tulipika kwake siku ile, na kesho yake, na kwa siku zote mama aliponitolea saa yake. Cucu alinichemshia mwenyewe maji ya chumvi, akanisimamia nikiyazungusha mdomoni, na nikitema mapema alihesabu upya. Alisema mdomo wangu umekula kuni za wiki mbili bila kupika chochote. Lakini hakuacha kuzichochea.

Na ukapona. Sikuamini. Wiki ya pili uvimbe ulishuka, ladha ya shaba ikapungua. Wiki ya tatu niliuma kiazi, nikakitoa na kukigeuza kwenye mwanga, na kilikuwa cheupe kila upande. Nilikipeleka kwa mama nikamwonyesha kama mtu anavyoonyesha cheti. Alikishika muda mrefu kuliko kiazi kinavyostahili, kisha akaanza kunishonea gauni la kwenda Thika kutoka kwenye kitambaa cha kichwani mwake.

Dresa alirudi Jumanne ya wiki ya safari. Alitubonyeza sote, akafurahi, akatupaka ile dawa mara ya mwisho, vizuri na kwa wingi, akatutakia heri.

Basi fikirieni nilivyokuwa Jumatano alasiri. Mama ametoka na saa yake. Cucu amekwenda kupanga foleni ya maji. Gauni limetundikwa msumarini. Mimi nimekaa mlangoni na kipande cha kioo, najitazama, na ninachokiona ni mdomo wa zambarau. Nilicheka kwenye kioo, ulimi wa zambarau ukanicheka nao. Wazo likaniingia, na wazo likimwingia mtu aliyefungiwa mahali halina njia ya kutokea, linazunguka tu humo ndani. Homgadi ataniona hivi. Atasema huyu bado anaumwa, si mnaona dawa? Atanirudisha. Na hata nikipita, baba, ambaye hajaniona mwaka na zaidi, atasimama kwenye ua na kuona mtoto aliyekunywa wino.

Sikumwuliza mtu. Wenzangu ishirini na sita walikuwa na midomo ileile, wakicheza alasiri ileile mbele ya vibanda vyao bila wasiwasi, na hilo halikunifunza kitu. Mimi nilikuwa mwerevu kuliko wao.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na mahali pa kusugulia sufuria: jivu, mchanga wa mtoni, na gunzi la mahindi. Sufuria nyeusi kuliko dhambi ilitoka pale ikimetameta, nilikuwa nimeona kwa macho yangu kila siku. Nililowesha gunzi, nikachovya kwenye jivu, nikachovya kwenye mchanga, nikaanza na midomo. Zambarau ikafifia. Nikapata moyo. Nikasugua ulimi. Nikasugua meno, na kati ya meno, na ufizi juu na chini, nimefumba macho, machozi yananitoka, nikijiambia kwamba kuwasha ni usafi. Nilisugua kama mtu anayechimba njia. Nilipotema, mara ya kwanza ilikuwa kijivu, mara ya pili zambarau, na mara ya tatu nikafukia kwa mguu nisiione rangi yake.

Mama aliporudi nilisema nimeshiba. Nililala nimeelekea ukutani.

Asubuhi tulipanga mstari langoni, ishirini na saba, na mimi wa kwanza kama kawaida, gauni jipya, miguu imepakwa mafuta. Mama na cucu walisimama pembeni na wazazi wengine. Mkubwa wa homgadi alikuwa na bunduki begani na kipande cha karatasi. Mwalimu alikuwa na pamba. Homgadi aliinamia uso wangu, akautazama, akakunja paji.

"Huyu mbona hana rangi?" alimwuliza mwalimu. "Dresa aliniambia waliotibiwa nitawajua kwa zambarau. Huyu hakutibiwa?"

Mwalimu akasema alitibiwa, yeye mwenyewe alikuwapo. Akaniambia nifungue mdomo. Nilifungua kidogo. Akaniambia zaidi. Pamba iligusa tu, hata haikubonyeza, na ilipotoka ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kijiti.

Mwalimu aliniangalia, akaangalia pamba, akachukua pamba nyingine akajaribu upande wa pili, na nilijua kwamba alikuwa ananipa nafasi ambayo mdomo wangu haukuwa nayo. Ilikuwa nyekundu vilevile. Homgadi alinisogeza kando kwa mkono, bila ukali, kama mtu anavyosogeza kigoda. Kisha msichana mrefu akasonga mbele, mdomo wake wa zambarau kama bendera, pamba ikatoka safi, akapita. Wakapita wote. Watu ishirini na sita niliowaambukiza walitoka langoni mmoja baada ya mwingine, na dawa niliyojitoa roho kuiondoa ndiyo iliyokuwa pasi yao.

Mama alikuja akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye jua. Aliona mikwaruzo. Kwenye pembe ya mdomo wangu kulikuwa na punje ya mchanga, na aliitoa kwa ukucha, akaitazama kwenye kidole chake. Alielewa hapo hapo.

"Twende nyumbani," alisema.

Mimi niliyependa nyumbani kuliko watu wote, sijawahi kusikia neno lililofunga kama lile. Tulipofika kibandani honi ya garimoshi ililia huko stesheni. Nilivua gauni mwenyewe nikalirudisha msumarini. Kisha nikakaa, na sikuhesabu vikohozi.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko wiki zote tatu. Hakukuwa na shule, maana mwalimu alikuwa Thika na darasa langu. Nilitembea mpaka kwenye ukingo wa handaki, nikarudi. Nikatembea mpaka ukingo wa upande mwingine, nikarudi. Ni hatua mia chache. Jua liliposimama juu nilijua ni saa ya chakula, na kwamba kuna mtu kwenye ua anatazama watoto wakitoka mmoja mmoja, na ana macho wazi asinipite.

Jioni, kabla lango halijafungwa, walirudi. Msichana mrefu alikuja moja kwa moja kwetu, vumbi mpaka magotini, na mkebe mkononi usio na karatasi, umebonyea upande mmoja. Alisema alimwona baba. Alikuwa amesimama kwenye ua tangu kabla ya kengele, akawatazama wote wakitoka, akawatazama tena wakirudi ndani. Ndipo alipomwita yeye, kwa sababu alikuwa mrefu, akauliza mtoto wake yuko wapi. Akamwambia nimeachwa langoni. Baba akauliza ninaumwa nini. Akamwambia mdomo tu. Baba akampa mkebe, akasema ni wa ile iliyobonyea ambayo kiwanda huwapa wafanyakazi, na kwamba nitakapopona nile pole pole. Kengele ya mchana ilipolia bado alikuwa pale.

Mama alifungua mkebe kwa panga. Yalikuwa mananasi, vipande vya duara vya rangi ya jua katika maji yake ya sukari. Harufu ilijaa kibanda na kupita ukuta. Mama alinipa kipande cha kwanza, kizima. Nilikitia mdomoni. Wale wanaojua nanasi linavyokuwa kwenye kidonda hawana haja nieleze. Nilikishikilia kwa heshima ya baba mpaka nikaona nyota, kisha nikakitema kwenye kiganja, na ndugu zangu, ambao hawakuwa na aibu, walikigawana hicho pamoja na vyote vilivyobaki, wakalamba mkebe, na mdogo akauvaa kama kofia.

Harufu ilimleta cucu. Mama alimwekea kipande kwenye kifuniko. Alikula akiwa amesimama, bila haraka, na meno yake machache, akiniangalia mimi, kisha gauni kwenye msumari, kisha mlango wa nyuma ambako gunzi lilikuwa bado limelala kwenye jivu. Nilirudia darasa la nne mwaka uliofuata, nikafaulu, nikasoma mpaka sekondari, na katika miaka yote hiyo nimeambiwa maneno mengi na watu waliosoma. Sikumbuki nusu yake. Lakini ya cucu ninayo neno kwa neno. Alimeza, akapangusa vidole kwenye shuka, akasema:

"Kama mikono inakuwasha kusugua, kesho njoo kwangu usugue sufuria, maana zimeshika masizi ya wiki tatu kwa ajili yako. Zile hazitoki damu, na haziendi Thika."